Nyumba Iliyo Mbele ya Kapu la Tano

Verna Castleberry alifika Port Gillam asubuhi na mapema, akaegesha gari kwenye kokoto karibu na vyoo vya bustani, akavua kandambili na kuvaa viatu visivyopitisha umande. Siku za kazi alikuwa msaidizi wa daktari wa meno huko Peoria. Jumamosi za kiangazi alizunguka jimbo zima la Illinois akikagua viwanja vya umma vya kurushia visahani, kwa niaba ya chama cha wachezaji, na kazi hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Unasimama kwenye kibao cha saruji, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kapu la chuma lenye minyororo, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka minyororo ilie. Aliyerusha mara chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Viwanja vingi havina kiingilio, na wanaocheza ni mafundi bomba, walimu wa shule, watu wenye mbwa na wastaafu wenye magoti mabovu.

Mwenyeji wake, Wes Tuttle, alikuwa fundi bomba, mwenyekiti wa klabu ya pale, mtu mnene mwenye ndevu nyekundu na kofia iliyopauka kwa jua. Alimpokea kwa kahawa ya chupa. Port Gillam walitaka kuandaa mashindano ya ubingwa wa jimbo, yaliyo wazi hata kwa wachezaji wa majimbo mengine, mwezi Septemba, na kauli ya Verna ndiyo ingeamua. Wes hakuficha kwamba hakulala vizuri.

"Ukiona kasoro, dada, wewe sema tu," alimwambia. "Sisi si watu wa kununa."

Verna akasema. Kibao cha kwanza kilikuwa kimeinama. Aliweka pima maji na kiputo kikakimbilia pembeni. Kapu la pili lilikuwa karibu mno na njia ya akina mama wenye vigari vya watoto, na kisahani cha mtu mwenye nguvu kingeweza kumvunja mtu meno, jambo ambalo Verna alilijua kwa karibu. Kapu la tatu, katikati ya mialoni, lilimfurahisha, akalicheza mara mbili. La nne lilimtoa msituni hadi kwenye uwanja mpana wa majani ulionyooka hadi kwenye tuta la kuzuia mafuriko ya Mississippi. Hapakuwa na mti wala kichaka. Verna aliutazama uwanja ule akaona utamfaa mtu anayejifunza, wala si bingwa.

Akasimama kwenye kibao cha tano, akavuta pumzi, akarusha. Ulikuwa mrusho mzuri. Kisahani kiliondoka chini chini, kikanyooka, kikafika katikati ya uwanja juu ya majani matupu, kikagonga mbao kwa kishindo, kikaanguka wima.

Verna aliuliza kapu liko umbali gani kutoka pale.

"Niwie radhi, nilipaswa kukwambia mapema," alisema Wes. "Pale ni kwa kina Gaines. Nyumba yao ndiyo inaziba njia. Wengi wetu tunapitisha kulia, kati ya ukuta wao na banda la kuku la kina Broyles. Ila upepo ukitoka mtoni, utakibeba kisahani mpaka juu ya paa, na kikipanda paani ndiyo basi tena."

Akamweleza yaliyobaki huku wakitembea. Uwanja ule zamani ulikuwa mtaa, jina lake Bondeni. Mji uliuondoa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, lakini nyumba zilibaki palepale, isipokuwa hazionekani, na mtu au mbwa hupita ndani yake bila kujua. Visahani ndivyo visivyopita. Wanaklabu waligundua hilo walipoweka makapu. Walibishana msimu mmoja kama wayahamishe, kisha wakazoea. Kwa kina Broyles, juu ya mfereji wa maji ya paa, visahani vyekundu na vya manjano vilikuwa vimejipanga hewani, vingine vimeanza kufifia kwa jua. Mji ulikuwa umechora nyumba zote kwenye ramani ya uwanja: vijisanduku vya kijivu vilivyoandikwa Kizuizi A, Kizuizi B, na kuendelea. Ya kina Gaines ilikuwa Kizuizi C.

"Huwa zinasogea?" Verna aliuliza.

"Hata kidogo."

Akaridhika. Kizuizi kisichosogea, na ambacho kila mchezaji anakijua, ni cha haki kama mti. Akapapasa hewa kwa kisahani, hivyo hivyo kama kipofu na fimbo yake, mpaka akaipata kona ya ukuta, akaihesabu pembe, kisha akarudi nyuma akarusha kwa kupinda. Kisahani kikauzunguka ukuta na kutua majanini upande wa pili. Moyo wake ulichangamka. Alikuwa amekagua viwanja vingi, na hakuwahi kuona mahali tambarare panapomlazimisha mtu kufikiri namna ile.

Upande wa pili, mwanamke mzee mweusi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, katikati ya majani, akimimina chai kutoka kwenye chupa. Alivaa gauni la kwendea kanisani na raba nyeupe. Wes akavua kofia. Alimtambulisha kuwa ni Bi Ottilie Gaines, mwenye nyumba. Aliishi kwenye magorofa ng'ambo ya reli, na hali ya hewa ikiruhusu alikuja kukaa sebuleni kwake.

"Bi Ottilie, tuna mgeni," Wes alisema. "Ndiye anayetupima. Hutatufungulia dirisha la jikoni?"

"Wewe sikufungulii, ulinivunjia sahani." Akamtazama Verna kutoka viatuni hadi usoni. "Huyu nitamfungulia."

Akainuka, akapiga hatua chache, akaweka viganja hewani na kusukuma juu kwa nguvu, kwa sababu dirisha lile, alisema, lilikuwa linakwama tangu siku lilipopakwa rangi. Kisha akaenda upande wa mbele akafungua mlango. Verna alirudi kwenye kibao. Wes alisimama mahali dirisha lilipo akamwonyesha kwa mkono. Verna akarusha, na kisahani kikaingia. Wote watatu walikisikia kikipita juu ya meza, kikigusa kitu cha bati kilicholia kidogo, kikitokea mlangoni, na minyororo ya kapu la tano ikalia kwa mrusho mmoja.

"Mkono huo umelelewa," Bi Ottilie alisema. "Wa Wes una makengeza."

Verna alicheka mpaka akajipiga mapajani kwa viganja. Alikwenda kumshukuru, na Bi Ottilie akamwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa amesimama ndani ya piano. Verna akasogea. Kisha, kwa furaha ile ile ya mrusho, akauliza nyumba nzuri kama hizi ziliachwaje.

Bi Ottilie alimweleza bila kupandisha sauti, kama anayeeleza njia ya kwenda posta. Bondeni ulikuwa mtaa wa watu weusi, wafanyakazi wa reli na wa kiwanda cha mbao. Yeye alikuwa ameolewa karibuni. Mji ulisema unataka ardhi ya kujengea hospitali, na mtu hawezi kuikataa hospitali, basi watu wakahama wakiwa wameinamisha vichwa. Wao waliambiwa wana muda hadi majani yaanze kudondoka. Lakini Julai ya mwaka ule ule, yeye na mume wake wakiwa kazini, kikosi cha zima moto cha mji kilikuja kufanya mazoezi. Walikuwa na vijana wapya wa kufundisha, na nyumba zilikuwa za kubomolewa kwa vyovyote. Wakazitia moto moja baada ya nyingine, na kuzizima, na kuziwasha tena.

Ya kwao ilichukua siku nyingi kuliko zote. Baba mkwe wake aliijenga kwa mbao ngumu alizopewa kiwandani, na kila walipoizima ilibaki imesimama, basi wakaona inafaa kwa mafunzo. Mapazia yalikuwa bado madirishani. Piano ilikuwa ndani. Siku ya tatu yeye alisimama barabarani kuanzia asubuhi hadi jioni na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini, kwa sababu watazamaji walikuwa wengi. Watu wa mjini juu walikuja na viti na vikapu vya chakula. Hospitali baadaye ilijengwa kilimani. Hapa wakapanda majani.

"Baba yangu aliletwa kutazama," Wes alidakia. Alisema kwa upole, kama mtu anayeongeza lake kwenye mazungumzo. "Alikuwa mtoto mdogo. Mpaka leo anasema hajala tena aiskrimu tamu kama ya siku ile."

"Kulikuwa na gari la aiskrimu, kweli," Bi Ottilie alisema. "Nakumbuka kengele yake."

Kila mmoja alikumbuka kengele kwa upande wake. Verna alimtazama Wes, akitegemea kuona aibu, akaona uso mwema wa mtu aliyeleta kahawa. Alimtazama Bi Ottilie, akaona mtu anayefunika chupa ya chai isipoe. Nyumba isiyoonekana haikumsumbua hata kidogo. Alikuwa ameigusa kwa kisahani na akajua ilipo. Kilichomsumbua ni viti. Watu walibeba viti kutoka nyumbani. Kuna mtu aliyekata mikate, akapaka siagi, akaifunga kwenye karatasi. Alipotazama mikono yake aliona ameukunja ukingo wa kisahani chake akipendacho mpaka umepasuka.

"Keti, mwanangu," Bi Ottilie alimwambia. "Kiti kimoja tu ndicho ninacho, lakini keti."

Verna hakuketi. Aliuliza kama kuna jambo lolote angeweza kumfanyia.

"Hiyo karatasi yako. Andika ni nyumba," alisema Bi Ottilie. "Pale kwenye bango la njiani wameandika kizuizi. Mimi sikuolewa kwenye kizuizi."

Mchana, mkuu wa bustani za mji, Brandt Holcomb, aliwapeleka kula samaki wa kukaanga kwenye mkahawa wa kando ya mto. Alikuwa mwanamume mwembamba, msikivu, aliyemkatia Verna limau bila kuombwa. Verna alimwambia ukweli: vibao vya saruji vinyooshwe, kapu la pili lihamishwe, na baada ya hapo hakuna uwanja wa kulingana na huu katika jimbo. Holcomb akapumua. Halafu Verna akasema kwamba ramani na mabango yaandikwe majina ya wenyewe. Nyumba ya kina Gaines. Nyumba ya kina Broyles. Na nyingine zote, Bi Ottilie angezitaja.

Holcomb alifuta vidole kimoja kimoja.

"Bi Castleberry, mimi mwenyewe nampenda yule mama. Krismasi humpelekea keki. Lakini tazama. Nikiandika nyumba, nimekiri ipo. Ikiwepo, ina mwenyewe. Ikiwa na mwenyewe, basi mji umeweka kapu mlangoni pa mtu bila kumwomba, na hatujaanza hata kuongelea mambo ya zamani. Kizuizi hakina mwenyewe. Kizuizi ni cha mji."

"Lakini unajua ni nyumba."

"Kila mtu anajua ni nyumba," Holcomb alisema, akamsogezea pai ya pichi. "Ndiyo maana hatuandiki."

Verna aliitazama pai ile. Alijaribu kukasirika akashindwa, kwa kuwa hasira inahitaji mtu wa kugombana naye, na mezani pale hapakuwa na mgomvi. Wes alikuwa akimimina mchuzi wa pilipili. Mhudumu alipita akauliza kama wametosheka.

Akiwa njiani kurudi nyumbani aliwaza kuushusha uwanja. Angeweza kuandika kwamba ni tambarare mno, na Port Gillam wangekosa mashindano, na mambo yangekwisha. Lakini Wes na wenzake walikuwa wamefyeka kwa mikono yao, na uwanja ulikuwa mzuri, na yeye hakuwahi kudanganya kuhusu uwanja wowote. Akaupa alama za juu kabisa. Kila palipohitajika kutaja kinachoziba njia, aliandika nyumba. Ofisi ya chama ilipochapisha tathmini yake, kila nyumba ilikuwa imegeuzwa kizuizi. Alipopiga simu aliambiwa kwa heshima kwamba hakuna aliyetaka kumbadilishia maneno, ila kanuni za mchezo zinajua miti, maji, uzio na vizuizi, nyumba hazimo. Wakampongeza. Wakamwomba awe mwamuzi wa kapu la tano siku ya ubingwa, kwa kuwa analifahamu.

Septemba mji ulijaa. Hoteli ya karibu na daraja ilikosa vyumba, na kila penye kivuli palikuwa na mtu anayechoma soseji. Uwanja ulizungushiwa kamba ya njano. Wenye tiketi walikaa sehemu zao, wengine nje. Mapema asubuhi mtu wa Holcomb alimwendea Bi Ottilie kwenye kiti chake akamweleza kwamba leo hairuhusiwi mtu kukaa katika eneo la mchezo, kwa usalama wake mwenyewe, maana visahani vya mabingwa vina kasi. Alimwita bibi. Alimbebea kiti.

Bi Ottilie hakubishana. Alimwomba asubiri kidogo. Akashusha dirisha la jikoni, lile linalokwama, akalisukuma mpaka likafika chini. Akashusha ya chumbani. Akafunga mlango wa mbele, akaujaribu kama umefungika, akamfuata yule mtu hadi nje ya kamba. Verna aliona yote kutoka kwenye kibao cha tano. Alikwenda kwa Holcomb akasema huyu ni mwenyeji, apewe nafasi ya wageni. Holcomb alikubali mara moja kwamba lingekuwa jambo zuri sana, na akasikitika kuwa nafasi zimekwisha.

Mabingwa walicheza kapu la tano kwa ustadi ambao Port Gillam haikuwahi kuuona. Mmoja kutoka Kansas alikipitisha kisahani kati ya ukuta na banda la kuku huku kikiwa kimelala ubavu, na watu wakapiga makofi muda mrefu. Watangazaji walikisifu Kizuizi C. Walisema hakuna mbunifu aliyewahi kuweka kitu cha ujanja kama kile.

Baada ya saa sita mvua ikashuka kutoka upande wa mto, mvua nzito ya mwisho wa kiangazi. Mvua nayo ina desturi yake pale Bondeni, ambayo Wes alikuwa amesahau kumweleza Verna: hainyeshi chini ya mapaa. Majani yote yalilowa isipokuwa mistatili iliyobaki mikavu, mmoja mmoja, kwa safu, na vijia vyembamba kati yake. Wenye tiketi waliiona mara moja. Wakavuka kamba kwa furaha, wakajipanga ndani, wakitaniana na kusukumana ili wote watoshe. Hakuna aliyewazuia, kwa kuwa mchezo ulikuwa umesimamishwa. Mwanamke mmoja aliyevaa koti la rangi ya zambarau alisimama chumbani kwa kina Gaines akila soseji. Wanaume wawili walitandika taulo sebuleni wakaketi. Holcomb alikuwa katikati yao, mkavu, akisalimiana na wafadhili.

Bi Ottilie alikuwa nje ya kamba na kiti chake. Gauni lilikuwa limemganda mwilini. Verna alikimbia, akainua kamba, akamwambia apite.

"Tiketi, tafadhali," mlinzi alisema.

Verna alisema huyu hahitaji tiketi. Mlinzi alikubali kwamba mzee hapaswi kulowa, lakini hata yeye mwenyewe alikuwa analowa. Verna alivua koti lake akamfunika Bi Ottilie mabegani. Bi Ottilie alimshukuru, macho yake yakiwa kwenye mstatili mkavu.

"Kawaambie wasiegemee piano," alisema.

Verna alikwenda, akasimama kwenye ukingo wa pale palipokauka, akawaambia. Wale watu walitazama kulia na kushoto, kwa adabu, wakajibana kidogo kumpa nafasi naye aingie. Mwenye koti la zambarau alimwambia ana bahati, bado kuna pembe moja iliyo wazi. Verna alibaki kwenye mvua. Meno yalikuwa yanamgongana, naye akayabana kwa mkono kama anavyowabana wagonjwa.

Mvua ilipopungua, king'ora kililia na watu wakarudi kwenye viti vyao. Majani ndani ya nyumba yalikuwa yamekanyagwa na kujaa matope ya viatu. Mchezaji wa zamu, kijana mrefu wa kutoka Ohio ambaye hakuwahi kufika Port Gillam kabla ya wiki ile, alipanda kwenye kibao akakausha kisahani. Alikuwa akiongoza kwa mrusho mmoja. Zamu ikimfikia mchezaji, kanuni humpa nusu dakika. Akamuuliza mwamuzi pale mbele ni nini, ili awe na hakika.

"Ni nyumba," Verna alisema. "Nyumba ya kina Gaines."

Kijana alitazama ramani yake, iliyokuwa imelowa. "Sioni nyumba hapa, mwamuzi. Mimi nina Kizuizi C tu. Ni kitu kingine hicho? Kiko kabla yake au baada?"

Sekunde zilikuwa zinakwenda. Maikrofoni ya watangazaji ilikuwa imening'inia juu ya kichwa cha Verna, na mahali pote palikuwa kimya, kama panavyokuwa kimya kabla ya mrusho. Kijana hakuwa na kosa. Alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima, na alimtazama kwa wasiwasi wa kweli.

"Hapana kingine," Verna akasema. "Ndicho hicho. Kizuizi C."

Vipaza sauti viliirudia kauli yake mpaka kwenye tuta la mto. Verna aliisikia ikirudi kwa sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu aliyezoea, akageuza kichwa kuelekea kwenye kamba. Bi Ottilie alikuwa pale pale na koti mabegani. Aliitikia kwa kichwa, kama alivyomwitikia Wes kuhusu aiskrimu.

Kijana akashukuru, akavuta pumzi, akarusha. Watu wote wakainuka kutazama.